Kwa Nini Mpingo Hugongwa Kabla ya Kukatwa

Ninyi mnaopapasa kinyago na kusifu weusi wake, kaeni kwanza. Weusi ule haukuwapo.

Zamani hizo mpingo ulikuwa mweupe tangu gome hadi moyo, laini kama muhogo, na ukitupwa mtoni unaelea. Tena miti ilisikia maneno ya watu ikayatii kama yalivyosemwa, haiongezi wala haipunguzi. Kwa hiyo watu walizungumza nayo kwa kituo.

Kwenye uwanda wa juu wa Ruvuma aliishi Likwata, mchonga mizinga ya nyuki, na mkewe, na binti yao wa pekee, Namalenga. Siku moja wakaja watekaji, wale waliofunga watu shingo kwa shingo. Mama alikuwa mtoni. Likwata akambeba mtoto mpaka kwenye mpingo wenye pango, akamtia ndani, akasema akihema, "Mpingo, mfiche mwanangu! Usimfungulie mtu yeyote!"

Haraka haraka haina baraka. Mti ukajifumba, ukajikaza kama jiwe. Watekaji wakaupiga mashoka, makali yakapinda, wakaenda zao.

Likwata akatoka mafichoni mbio. "Fungua, ni mimi baba yake." Mti haukufunguka. Mkewe alimkuta akiutema kwa shoka huku analia.

"Baba Namalenga, uliuambia nini?"

"Nilisema usimfungulie mtu yeyote."

"Na wewe si mtu?"

Siku tatu mtoto aligonga kutoka ndani. Kila alipogonga, baba naye aligonga, ajue hajaachwa. Mashoka manne yakavunjika. Siku ya nne baba aligonga peke yake.

Inaniuma kusimulia hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mti ulipojua umeshika nini, moyo wake uliingia msiba, ukawa mweusi na mzito.

Na tangu siku hiyo mpingo umebaki na ukanda mweupe chini ya gome tu. Ndani ni mweusi, shoka hulia juu yake, na maji hayaubebi. Ukiugonga unaitika kwa sauti tamu, ndiyo maana tunachonga zumari kwa mti huo. Lakini mchongaji wa kwetu haukati kabla hajaugonga mara tatu kwa kisigino cha shoka, akatega sikio.

Marehemu baba alinifundisha kugonga. Hakunifundisha la kufanya siku nitakayogongewa.