Darasa Lililojibu Ndiyo

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Shule yake ilikuwa katikati ya jiji, nyuma ya gereji, na Darasa la Nne alilofundisha lilisikika kuliko nyundo za mafundi. Kila alipomaliza somo aliuliza, "Tumeelewana?" Nao waliitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" mpaka mabati yakavuma. Wazazi waliopita nje walisimama kusikiliza. Wakaguzi walimsifu. Lakini kila mtihani ulipokuja watoto wengi walishindwa, na mwalimu huyo, Msumi kwa jina, hakujua kwa nini.

Katika darasa hilo alikuwamo Havijawa, msichana aliyekuwa akirudia mwaka. Wenzake walimwita bibi. Mama yake alikuwa amesema kwamba akishindwa tena atabaki nyumbani wakaange vitumbua vya kuuza, na habari ya shule itakuwa imeisha.

Siku moja Msumi alifundisha kugawanya, akauliza kama kawaida. Darasa likaitikia. Sauti zilipotulia, Havijawa alikuwa amesimama.

"Mimi hapana, mwalimu."

Wakaangua kicheko. "Kaa, bibi, utavunjika kiuno!" alisema Kibwana, ambaye siku zote aliitikia kwa sauti kuliko wote. Msumi akampa Kibwana chaki, afanye hesabu ile ubaoni ili mwenzake aone. Kibwana akaishika chaki. Akautazama ubao. Hakuandika kitu.

"Si umesema umeelewa?"

"Tumesema wote, mwalimu."

Kicheko kikakatika. Msumi akasema kwa sauti ya chini kwamba asiyeelewa asimame, na hakuna atakayechapwa. Akasimama mmoja karibu na dirisha. Wakasimama wawili. Likasimama dawati zima, na lile la nyuma yake, na waliokuwa wamekaa sakafuni, mpaka darasa lote likawa wima, kimya, na nyundo za gereji zikasikika moja moja. Msumi alikuwa amefundisha miaka mingi, na hakuwahi kulisikia darasa lake. Akakaa kitini. Sauti iliyompendeza miaka yote hiyo ilikuwa yake mwenyewe, ikimrudia.

Akafuta ubao, akaanza upya. Tangu siku hiyo hakuuliza tena swali lile. Alipita dawati kwa dawati akisema, "Nionyeshe." Kazi ikawa ya polepole, na wakaguzi wakauliza mbona darasa limepooza. Mwaka ulipokwisha, wengi walivuka kuingia Darasa la Tano. Havijawa alivuka. Kibwana naye alivuka, baada ya kuomba akae dawati moja na bibi.

Nanyi mnaosikia haya: mara ya mwisho mlipoitikia kwa pamoja, ni nani kati yenu aliyekuwa ameelewa?