Kikapu cha Bi Mwantumu

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mazimwi, ni zamani hii ya juzi tu, watu walipokwisha kutengeneza soda tamu isiyo na sukari, palikuwa na mpishi Muheza akiitwa Bi Mwantumu. Tulieni basi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwisho nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Bi Mwantumu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote penye sufuria ya kubebwa na watu wawili, yeye ndiye aliyeshika mwiko. Na wapishi wa shughuli wa huko wana desturi yao: mpishi mkuu hali mpaka sahani ya mwisho itoke. Ataonja chumvi kwa ncha ya ulimi, ataonja bizari, basi. Akitangulia kula kabla ya wageni, wenzake watamtania mpaka mfungo mwingine kwamba hakuja kupika, alikuja kushiba. Bingwa wa utani huo alikuwa mwenzake wa jikoni, Bi Saumu. Huyo akishakutia mdomoni hutoki.

Sasa, Bi Mwantumu alikuwa na maradhi ya sukari, yale ya kuchomwa sindano kila asubuhi. Nyumbani walijua: binti yake Sharifa alijua, na mwanawe Hemedi alijua. Jikoni hakujua mtu.

"Nikisema, hawatanionea huruma, watanionea shaka," alimwambia Sharifa. "Nani anamtaka mpishi mgonjwa? Na Saumu naye atapata la kusema. Niapie, mwanangu, kwamba watu wa jikoni hawatalijua hili kutoka kwako."

Sharifa akaapa. Alikuwa binti wa neno moja, akiapa ameapa.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amewafundisha mama na binti jambo. Ukichoma sindano halafu usipokula, sukari inashuka. Ikishuka utatetemeka, utatoka jasho la baridi, utaanza kusema ovyo. Hapo usingoje, kunywa kitu kitamu upesi. Kwa hiyo Bi Mwantumu hakutoka nyumbani bila kikapu chake cha ukindu, na ndani yake, chini ya kanga, ililala chupa moja ya soda ya machungwa. Mtanicheka, Muheza kwenyewe kwa machungwa mtu anabeba rangi ya chungwa kwenye chupa. Lakini chungwa linataka kisu na nafasi, chupa unazungusha kifuniko tu.

"Hii si soda, hii ni roho yangu ya akiba," alikuwa akisema, na Sharifa alikuwa akiipapasa kila asubuhi kuhakikisha ipo.

Aliipapasa. Alikuwa haitazami. Likumbukeni hilo.

Hemedi hakuambiwa habari ya chupa ile. Kwani angeambiwa lini? Yeye alikaa Tanga mjini, akiuza soda kwa lori la wakala, na kila akifika nyumbani alikuwa anahubiri. Mama usile wali, mama usiguse kaimati. Sharifa alichoka kumsikiliza, akaona huyu tukimwambia mama anatembea na soda kikapuni tutakesha tukisomewa. Akanyamaza.

Basi Ijumaa moja Hemedi akaja na katoni ya soda mpya, ya machungwa vilevile, chupa ileile ya plastiki, rangi ileile. Akaishika mbele ya mama yake akaanza kusoma maandishi ya ubavuni, na sauti ya biashara ikamtoka yenyewe.

"Maji, gesi, asidi, ladha, rangi, kitu cha kuifanya isiharibike, na vitamu vya kutengenezwa kiwandani. Sukari sufuri. Wanga sufuri. Nguvu sufuri. Mama, utamu wake ni wa ulimi tu. Kunywa mpaka uchoke, damu yako haitajua kama umekunywa kitu."

Bi Mwantumu akaonja, akaikunjia uso.

"Hii ni soda ya wagonjwa. Tena wameandika kabisa hapa mbele. Unataka watu wanisome, Hemedi? Rudi nayo."

Hemedi hakubishana. Watu wa biashara hawabishani, wanazunguka. Asubuhi ya Jumamosi, mama akiwa anaswali, alizilowesha zile chupa akabandua karatasi zote. Halafu akapita nyumba nzima. Soda yenye sukari iliyokuwa kabatini akaitoa akaweka yake. Iliyokuwa chini ya meza akaitoa akaweka yake. Akafunua kikapu, akafunua kanga, akakuta chupa imelala. Moyo ukampasuka. Kumbe mama anakunywa kwa kujificha, akasema kimoyomoyo, na machozi yakamlengalenga. Akaitoa akaweka yake. Akarudishia kanga vizuri, akaenda zake Tanga akiwa na furaha kama mtu aliyeokoa maisha.

Jumamosi hiyohiyo palikuwa na harusi. Bi Mwantumu alichoma sindano alfajiri. Sharifa akamwambia, "Mama, hata chai?" Akajibiwa, "Nitakunywa huko." Njiani Sharifa akakipapasa kikapu. Chupa ipo.

Huko hakunywa. Moto umekolea, nyama haijaiva, mchele haujachaguliwa, na upande wa bwana harusi wametuma salamu kwamba wamechelewa. Saa nne Bi Mwantumu alinyosha mkono kwenye sinia la chapati, kipande kidogo tu, na Bi Saumu, aliyekuwa anachemsha sukari iwe shira ya kaimati, akamwona.

"Jamani, njooni mwone. Mwantumu leo kaja na tumbo lake."

Uani kote wakacheka. Bi Mwantumu naye akacheka, akakirudisha kipande cha chapati siniani. Sharifa aliliona hilo kwa macho yake, akiwa anaosha mchele, na moyo ukamwambia sema. Akakikumbuka kiapo chake, akaendelea kuosha mchele.

Adhuhuri ilipokaribia, Bi Mwantumu akaanza kuita mwiko ufagio. Wenzake wakadhani ni utani. Sharifa akageuka, akaona jasho linamchuruzika mama yake na macho hayamtazami mtu. Mara miguu ikamwisha akakaa chini, kando ya mafiga.

Sharifa alifanya kama alivyofundishwa, wala hakuchelewa. Alikwapua kikapu, akatoa chupa, akamwekea mama mdomoni. "Kunywa, mama. Kunywa tena." Mama akanywa, kidogo ikimwagika kidogo ikipita, mpaka chupa ikaisha. Sharifa akamshika mkono akingoja. Muuguzi alisema utaona mwenyewe, macho yatarudi.

Macho hayakurudi. Mwili ukazidi kuwa wa baridi, maneno yakakatika, shingo ikalegea. Sharifa akapigwa na butwaa. Nimempa chupa nzima, akawaza, chupa nzima na bado. Basi haikushuka. Basi imepanda, na mimi nimemwongezea. Nimemuua mama yangu kwa mkono wangu.

Hapo ndipo Bi Saumu akaja na bakuli la shira, kidole kimezama ndani.

"Huyu ni njaa. Mpishi akianguka mbele ya sufuria ni njaa. Nipisheni."

Sharifa akampiga mkono. Aliupiga kwa nguvu, shira ikarukia ukutani.

"Usimpe."

"Kwa nini nisimpe?"

Wanawake wote wa jikoni walikuwa wamesimama pale. Sharifa akafungua kinywa, na kiapo kikamfunga.

"Kwa nini, mwanangu? Sema."

Hakusema kitu. Bi Saumu akamsukuma kwa bega, na Bi Saumu ana bega, akachovya tena, akampaka Bi Mwantumu shira ndani ya shavu. Akampaka tena, na tena, kidogo kidogo, akimwita kwa jina, akimtukana kwa mapenzi. Sharifa alikuwa amejifunika uso kwa mikono akingoja kusikia watu wakilia.

Akasikia sauti ya mama yake ikisema, "Saumu, shira yako haina iliki."

Nawaambia, Sharifa hakufurahi. Furaha ilikuja baadaye. Kwanza alihofu, akamtazama mama yake akikaa, akiomba maji, akaona haelewi kitu chochote duniani. Sukari gani hii inayoua na kufufua, na ipi ndiyo ipi?

Wakampakia kwenye bajaji mpaka zahanati, Bi Saumu naye ndani. Hemedi akapigiwa simu, akaja mbio kutoka Tanga. Muuguzi alikwisha kupima, alikwisha kumlisha, akawa anahoji.

"Ilishuka sana. Nilisema ikishuka apewe soda."

"Nilimpa," Sharifa akasema. "Chupa nzima. Hii hapa."

Muuguzi akaigeuzageuza. "Mbona haina karatasi?"

Hemedi aliyekuwa amesimama mlangoni akaiona ile chupa. Akainama akashika magoti. Aliposema, ile sauti ya biashara haikuwepo.

"Ile haina sukari. Niliibadilisha mimi."

Muuguzi akaiweka chupa mezani. Halafu akasema polepole, "Basi mngempa ndoo nzima ingekuwa sawa na kumpa maji. Na wewe binti, usipokuwa na hakika imepanda au imeshuka, na kipimo huna, mpe sukari. Ya kupanda itakungoja ufike hapa. Ya kushuka haingoji."

Sukari sufuri. Wanga sufuri. Nguvu sufuri. Sharifa akautazama mkono wake, ule uliopiga, shira ilikuwa imekaukia kwenye vidole.

Bi Saumu naye ndipo alipolijua la sukari, pale pale, baada ya miaka yote ya kupika pamoja. Akaketi sakafuni kama gunia.

"Sharifa, ungeniambia pale uani kwamba mama yako ana sukari, ningeutoa mkono wangu upesi na bakuli langu nikalifunika. Mama yako angekufa nikiwa nimelishika."

Msiniangalie hivyo, hata mimi nilipoambiwa habari hii nywele zilinisimama. Ngojeni, hatujafika.

Muuguzi hakumkataza Bi Mwantumu kupika. Alimwambia ale kabla ya kupika, desturi au si desturi. Na akamwambia kikapu kikae na mtu mmoja, ajue kilichomo, ajue cha kufanya, asitoke ubavuni pake. "Mmoja," akasema. "Mkiwa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ametazama."

Wiki iliyofuata wakaja watu wa maulidi kumtaka mpishi. Bi Mwantumu akala kwanza, mbele yao, akamaliza. Halafu akaweka kikapu katikati ya mkeka na watu watatu wakaketi kukizunguka.

Hemedi akasema, "Mama, nipe mimi. Mimi ndiye ninayejua kilichomo katika kila chupa, neno kwa neno. Nilikosa kwa sababu hamkuniambia. Kila mliponificha nilitafuta njia yangu. Nitaacha lori, nitarudi Muheza, na hakuna chupa itakayoingia humu sijaisoma mara mbili."

Sharifa akasema, "Ulijua kilichomo, kaka, ukambandulia mama karatasi asijue yeye. Mama, nipe mimi. Mimi ndiye niliyekaa na wewe miaka yote, niliyeiona dalili kabla ya mtu mwingine, niliyefanya kila nilichofundishwa. Chupa ilinidanganya. Na kiapo changu ulichonipa wewe, nilikishika mpaka mwisho."

"Ulikishika mpaka mwisho wa mama yako," Hemedi akasema.

Bi Saumu akasema, "Mimi sijui kusoma chupa, wala sikuapa kitu. Na ulimi wangu ndio uliomnyima kipande cha chapati, hilo sitalikana. Lakini mwenzenu alipolala pale chini, mmoja alikuwa Tanga anajisifu, mmoja anazuia mikono ya watu. Kidole kilichomrudisha ni hiki. Mwantumu, nipe mimi, na akitokea wa kukutania aanze na mimi."

"Kidole hicho kisingekuja kama ungejua," Sharifa akamjibu.

"Ndiyo," Bi Saumu akasema. "Na sasa najua. Ndilo linaloniogopesha."

Bi Mwantumu akawatazama. Mwanawe aliyempenda akambadilishia roho yake ya akiba bila kumwuliza. Binti yake aliyempenda akamtii hata palipotakiwa asimtii. Mwenzake aliyempenda akamnyima chakula kwa kicheko, akampa uhai kwa kutojua. Akataka kumkasirikia kila mmoja, lakini kila alipoanza aliliona kosa lake yeye mwenyewe limeketi nyuma ya kosa lao. Nani aliyeficha? Nani aliyeapisha? Nani aliyerudisha chapati siniani?

Akakishika kikapu kwa mpini, akakiinua. Kilikuwa chepesi, chupa moja tu na kanga. Hemedi akanyosha mkono. Bi Saumu akanyosha mkono. Sharifa naye alitaka kunyosha, akauona mkono ni ule ule uliopiga, akaukunja, halafu akaunyosha hivyo hivyo.

Na nje watu wa maulidi wanaita, wanataka mpishi wao waondoke naye.

Mimi safari yangu inakomea kwenye mkeka huo, siendi zaidi. Nyinyi mliokula mkashiba na kukaa hapa mkinisikiliza, msinijibu kwa haraka, na asinijibu mtu ambaye hajawahi kumwekea mgonjwa chupa mdomoni. Roho ya mtu imo kikapuni, na mikono iliyonyoshwa ni mitatu. Je, nani alistahili kukabidhiwa?