Jinsi Fisi Alivyopunguziwa Mzigo

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa furushi!
La nani?
— La mwenye mabavu!
Na kamba yake?
— Anayo mwenye akili!

Haya, nyoosheni miguu. Na wewe kule nyuma acha kukoroma, hata sijaanza.

Hapo kale, chini ya mlima mrefu wenye theluji, wanyama walikuwa na desturi moja: msafiri hanyimwi. Akija mlangoni akasema, "Napanda mlima," unampa masurufu ya njiani, na humdai mpaka afike kileleni na kurudi. Desturi nzuri sana. Tatizo lilikuwa Fisi.

Fisi alikuwa msafiri wa kila mwezi. Anakusanya vitu, anafika kona ya kwanza, anakula unga wa watu, anajifunika mablanketi ya watu, anarudi. "Safari imeahirishwa," anasema. "Mawingu." Na kwa kuwa kileleni hajafika, vitu harudishi. Nani atamwambia kitu, na meno yale?

Mwezi huo akabisha kwa Nguchiro. Ngo! Ngo! Ngo!

"Mpwa wangu, napanda mlima. Leta blanketi."

"Mjomba, ninalo moja tu, na watoto wangu watano wanakohoa."

"Msafiri hanyimwi!" Akalivuta, swaaa! Watoto wakabaki sakafuni wamejikunyata. Nguchiro alilia kwa hasira. Kisha akafuta machozi, akamfuata.

Akamkuta anafunga furushi kubwa kama kichuguu.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukusaidia kufunga. Umesikia habari za kileleni?"

"Habari gani?"

"Nyati. Mnene! Kafia juu kwenye theluji, hajaguswa hata sikio. Kunguru kamwona kwa macho yake."

Mate ya Fisi yakadondoka, to! to! to! Neno theluji wala hakulisikia. Alisikia nyati tu.

"Lakini utambebaje, mjomba, na mgongo umejaa hivi? Kila unachokiacha hapa, nafasi yake inakaa nyama."

Nguchiro akainua sufuria ya Kanga. "Mmh! Nzito hii, mjomba."

"Nzito kiasi gani?"

"Kama mbavu za upande mmoja."

"Itoe!"

Akainua unga wa Nungunungu. "Mmh! Mzito huu, mjomba."

"Mzito kiasi gani?"

"Kama maini na figo zote mbili."

"Utoe! Utoe haraka!"

Akainua blanketi. Uso akaukaza. "Mmh! Zito hili, mjomba."

"Zito kiasi gani?"

"Paja. Paja zima, na mafuta yake."

Fisi akalitupa mwenyewe, puu!

Hapo uroho ukampanda kichwani, hakungoja tena kuambiwa. Kiberiti? "Ulimi huo!" Akakitupa. Kijiko akakivunja mpini, kacha! Mswaki akaukata nusu, kacha! Kisha akajishika shingo, akafikiri.

"Mpwa wangu, na hizi nywele?"

"Mjomba, niliona haya kusema. Mabakuli mawili ya supu hizo."

Akamnyoa, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka shingo ikabaki kama kiazi kilichomenywa.

Fisi akaondoka anarukaruka, furushi tupu linampiga mgongoni, papa! papa! papa! Nguchiro akachukua blanketi lake, akawaita majirani waje kuchukua vyao, maana kisichopanda mlima si cha msafiri.

Fisi akapita kona ya kwanza. Akapita ya pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Siku ya tatu akafika kileleni, na nyati alikuwepo! Mnene vilevile. Fisi akamrukia, akauma paja: KWANG'! Nyama imeganda, imekuwa jiwe. Akauma ubavu: KWANG'! Jino likaruka. Awashe moto? Kiberiti kiko chini. Ajifunike? Ajifunike nini? Baridi ikamwingia shingoni, na meno yaliyobaki yakaanza: ka-ka-ka-ka-ka!

Alishuka mbio kuliko alivyopanda. Huku chini watoto watano wamelala chini ya blanketi lao, wameshiba uji wa Nungunungu, hakuna hata mmoja anayekohoa.

Wanyama wakamzunguka Fisi. "Imeahirishwa tena, mjomba?"

Aseme kapigwa chenga na Nguchiro? Thubutu! Akatunisha kifua. "Nimefika kileleni! Na nusu mswaki! Msafiri wa kweli hachukui kitu cha mtu!"

Wakampigia makofi kwa nguvu sana, na Nguchiro ndiye aliyepiga zaidi. Tangu siku hiyo Fisi hakuweza tena kumwomba mtu hata chumvi.

Basi ngano yangu nimeitua chini, kamba nimeifungua. Aliyechoka alale, mwenye nguvu aibebe mpaka kwao.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto wangu: jirani akija kukufungia mzigo, mwamini kabisa, usimkague. Mimi mwenyewe nafunga vizuri sana. Nani anasafiri kesho? Aje. Aje na blanketi, lile nene.