Kindi na Kikapu cha Ndiga

Paukwa!

Pakawa! Hapo nimewasikia. Na wewe uliyejikunyata huko nyuma, itikia kama mtu aliyekula.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana, paliondokea Kindi. Kindi huyo kutulia alikuwa hajui. Ukimkaribisha kiti, yuko mlangoni. Ukimfuata mlangoni, yuko juu ya paa. Mkia wake wenyewe hautulii, sembuse yeye!

Siku moja, siku ya kawaida tu, si harusi si sikukuu, rafiki yake Nungunungu akamwita yeye na Mama Kanga.

"Nimechimba ndiga," akasema. "Mnazijua?"

Hawakuzijua.

"Ni viazi vya porini, vina sumu. Lakini bibi yangu alinifundisha: unavimenya, unavikata vipande, unaviloweka siku tatu kwenye maji yanayokimbia. Sumu inakwenda na maji, utamu unabaki. Ukivipika kwa karanga, utasahau jina lako!"

Mate yakamjaa Kindi. "Basi tule leo!"

"Ukila leo, kesho tunakuzika."

Wakamenya, wakakata, wakajaza kikapu, wakakifunga kwa kamba penye maji ya kasi. Kindi alikaa mtini kando ya kijito, basi ulinzi akapewa yeye.

"Tazama kwa macho, ndugu yangu," akasema Nungunungu. "Mikono iache nyumbani."

Siku ya kwanza, Kindi akashuka, akapanda, akashuka. Akafunua kikapu, akafunika, akafunua tena. "Bado tu?"

Siku ya pili, akashuka, akapanda, akashuka. Kwenda na kurudi kukamchosha. Akafungua kamba, akakivuta kikapu hadi kidimbwini chini ya mti wake, penye maji yaliyotuama. "Maji ni maji," akasema. "Hapa nakiona vizuri."

Siku ya tatu, alfajiri, akashuka, akapanda, akashuka. Akachomoa kipande kimoja, akakitafuna.

Lahaula! Mdomo ukawaka, ulimi ukavimba, kichwa kikamzunguka, akatapika mpaka jua likapanda. Akajua sumu haikuondoka, imebaki mle mle kwenye ndiga. Mwenzenu aibu ikamshika. Akakirudisha kikapu penye maji ya kasi, akafunga kamba vilevile. "Nitawaambia," akajisemea. "Nitawaambia moto ukiwaka."

Jioni, kwa Nungunungu, moto ukawaka. "Nitawaambia zikichemka." Zikachemka. "Nitawaambia zikipakuliwa." Naye katulia tuli jamvini.

"Leo umetulia!" Mama Kanga akamtania. "Kumbe unaweza!" Alikuja na vifaranga wake sita, wote wamenawa.

Kwa kina Nungunungu, tonge la kwanza ni la mtoto. Akachota kipande, akakipuliza, akampelekea kifaranga mdogo kuliko wote. Kifaranga akafungua mdomo.

Kindi akataka kusema. Maskini, ulimi umejaa mdomo mzima! "Mmm! Mmm!"

"Ngoja zamu yako," akasema Nungunungu.

Kindi akaruka. Kipande kikaanguka huko, chungu kikapinduka, kikavunjika paa!

"Huna haya!" Mama Kanga akafoka. "Hata leo umeshindwa kukaa?"

Nungunungu akasimamisha miiba yake. "Toka jamvini kwangu. Usirudi tena."

Kindi angeweza kwenda zake, na siri ingebaki siri. Lakini nusu ya ndiga zilikuwa bado kikapuni, na Mama Kanga alishainuka kuzileta zipikwe upya. Kindi akamziba njia. Akafungua mdomo, akatoa ulimi, umevimba, umebadilika rangi. Akanyoosha kidole kuelekea kidimbwini.

"Nili... nilihamisha kikapu," akasema kwa taabu. "Nikaonja."

Mama Kanga akawakusanya vifaranga wote sita chini ya mbawa zake.

Nungunungu akalaza miiba yake. "Ungesema asubuhi, tungeloweka upya tukacheka. Umesema sasa, chungu cha bibi yangu kimevunjika. Lakini umesema."

Akazirudisha ndiga zilizobaki kwenye maji ya kasi, akamkabidhi Kindi kamba. Kindi akaishika siku tatu. Mkia ukataka kucheza, akaukalia.

Siku ya nne wakala. Jamani, zilikuwa tamu! Mama Kanga alirudia mara mbili. Kindi yeye alikishika kipande chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa, ndipo akauma. Hata leo mtazameni, ndivyo anavyokula.

Wanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu, hilo mnalijua. Lijueni na hili: ukikosea, sema kabla moto haujawashwa. Aibu huisha. Aliyekufa harudi.

Nami hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aichukue, ila asiiloweke kidimbwini.