Pata Isiyo na Mpini

Kabla hujatuma maua mengine ya asubuhi kwenye kundi la ukoo, soma hii, kisha mtumie yeyote aliyewahi kukuambia kwamba kazi zipo ila vijana ni wavivu.

Palikuwa na klabu ya gofu katika mji mmoja wa milimani. Nje ya lango lake alifanya biashara Nasambu, mhandisi mwenye digrii ya first class na rundo la barua za "we regret" za kunyimwa kazi ambazo siku hizi hata hazifungui. Aliuza fimbo kuukuu za gofu, hasa pata, ile fimbo fupi ya kusukuma mpira uingie shimoni. Majirani walimcheka.

"Ati umetoka chuo kikuu kuja kucheza pata potea?"

"Angalau hapa nikiliwa, namwona anayenila," akawajibu.

Siku moja Kapteni wa klabu akatangaza kwamba duka la vifaa mle ndani halina mtu, na anayelitaka atajaribiwa. Waliojitokeza ni wawili: Nasambu, na Desmond, mpwa wa Kapteni. Nchi yetu unaijua. Mtihani ulikuwa umesahihishwa kabla haujafanywa.

Kila mmoja akapewa pata kuukuu kutoka stoo, zote za aina moja.

"Jumamosi mniletee zikiwa tayari kuuzwa," Kapteni akasema. "Atakayenitia tamaa ya kununua, ufunguo wa duka ni wake."

Mipini ya raba ya pata zote mbili ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Desmond hakuwa na kifaa hata kimoja, ikabidi aje kwenye meza ya Nasambu kuazima kisu. Wakachana raba pamoja. Ndani yake, kwenye ncha ya juu ya fimbo zote mbili, chuma kilikuwa kimeliwa na kutu.

"Ukiivisha hii mpini mpya utakuwa umemuuzia mtu jeraha," Nasambu akasema.

"Nasa, wewe ulisomea mashine, mimi nilisomea watu." Desmond akatoa mpini mwekundu unaong'aa. "Mteja hununua kwa macho. Kwani nani huvua fimbo nguo aangalie ndani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana uko nje ya lango, bana."

Jumamosi wanachama wakajaa kwenye baraza na vikombe vyao vya chai. Desmond akatoa pata yake nyekundu, na Kapteni akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mjukuu.

Nasambu akaweka mezani pata tupu, isiyo na mpini. Ilikuwa imepungua urefu. Kando yake akaweka kipande cha chuma chenye kutu, na mipini miwili, mwembamba na mnene.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni pata, Kapteni. Kipande kibovu nimekikata, ndicho hicho. Kilichobaki ni kizima, kiguse mwenyewe. Imekuwa fupi na simfichi mtu. Mpini atachagua mnunuzi, kwa sababu mkono ni wake."

"Msichana wangu, umeniletea chuma cha kuchomea mishikaki."

Baraza zima likacheka. Ufunguo ukaenda kwa Desmond.

Kapteni hakuweza kungoja. Akashuka na ile nyekundu mpaka kwenye nyasi za mazoezi, akapima, akasukuma. Mpira ukaingia. Makofi. Kisha, kama wafanyavyo wachezaji wazito, akaiegemea pata ili ainame autoe mpira shimoni.

Mpini mwekundu ukakunjika kama shingo ya kuku, chuma chenye kutu kikiwa kimekatika ndani yake. Kapteni akalala kifudifudi mbele ya klabu nzima, pua kando ya shimo.

Hakuna aliyecheka. Kicheko hujua ni nani mwenye cheo.

Desmond akaja mbio. "Anko, umeumia?"

"Usiniite anko nikiwa chini. Uliona kutu?"

"Niliona, Kapteni."

Wakati huohuo Daktari Wanza, mwanachama mfupi kuliko wote, aliyezoea kujikunja na fimbo za wanaume warefu, alikuwa ameisimamisha ile pata tupu kando ya mguu wake.

"Hii ndiyo saizi yangu," akasema. "Nivishie ule mpini mnene, vidole vyangu vina baridi yabisi."

"Nitakuvishia sasa hivi, Daktari, lakini uiache gundi ikauke mpaka kesho."

Kapteni akainuka na majani kwenye kidevu. Akamnyooshea mpwa wake kiganja, akapokea ufunguo, akamsogezea Nasambu bila neno.

Nasambu hakunyoosha mkono.

"Nitauchukua ukiwaambia hawa kwamba nimeshinda. Ukinipa kimya kimya watasema umenihurumia."

Kapteni akanong'ona: "Ameshinda."

"Kwa sauti kidogo, Mzee. Wale wa nyuma wanakunywa chai."

"Nasambu ameshinda," Kapteni akasema, na safari hii hata wapishi wa jikoni walisikia.

Nasambu akauchukua ufunguo.

Funzo: Kubadilisha mpini si kosa, kosa ni kuuvisha juu ya kutu uliyoiona kwa macho yako. Na sisi ambao kila uchaguzi tunauziwa mpini mpya wenye rangi ya kung'aa, tuchane raba kwanza ndipo tuegemee.