Kwa Nini Kamba Hulelea Watoto Mdomoni mwa Mto

Hapo kale kamba wote waliishi mtoni juu, kwenye maji matamu. Chumvi hawakuijua, na habari za bahari walizisikia tu.

Ukaja mwaka wa jua kali. Mto ulipungua, maji yakawa ya moto mchana kutwa, na vitoto vya kamba vikawa vinaelea ubavu, havina nguvu hata ya kupiga mkia. Ndipo dada watatu, wakubwa wa ukoo, Kibibi, Shange na Tatu, waliposhuka hadi mdomoni mwa mto kwa Mwanashuru, mpika chumvi.

"Watoto wanatufia, bibi," alisema Kibibi. "Chumvi yako itawafaa?"

Mwanashuru hakutaka kuwadanganya. "Sijui. Mimi huila tu, sijapata kukaa ndani yake. Leteni watoto watatu tujaribu."

"Watoto hapana. Tutaingia sisi."

Basi Mwanashuru akapanga vyungu vitatu juani. Cha kwanza alitia maji matamu, cha pili maji makali ya chumvi aliyokuwa hajayapika, cha tatu akachanganya nusu kwa nusu. Kibibi akaingia cha kwanza, Shange cha pili, Tatu akachukua kilichobaki.

Jua lilipofika utosini, Mwanashuru alichovya kidole katika kila chungu. Joto lilikuwa lile lile. Kibibi alikuwa amelala ubavu. Mwanashuru alimtoa mbio, lakini roho ilikwisha kutoka. Shange naye hakukawia. Tatu alichoka sana, ila aliogelea mpaka alasiri.

Mwanashuru aliwazika wale wawili mchangani. Aliona haya kumtazama Tatu.

"Nisamehe. Nilichelewa kuwatoa."

"Waliingia kwa hiari yao, bibi. Sasa nionyeshe maji ya namna hii yako wapi."

Mwanashuru akamwongoza kwenye mikoko, mahali ambapo maji ya mto na ya bahari huchanganyika kila bamvua, bahari ijaapo sana, na kila maji mafu, ijaapo kidogo. Tatu akapanda mtoni kuwachukua watoto waliosalia.

Na tangu siku hiyo, vitoto vya kamba hukulia mikokoni. Joto hulistahimili, ilimradi chumvi iwe ya kiasi. Lakini mvua kubwa ikiyafanya maji yale kuwa matamu, hawangoji jua litoke liyapashe kama chungu cha Kibibi. Wote huteremka baharini, ambako chumvi ni nyingi lakini maji ni ya baridi, wakubwa kwa wadogo.