Sikio la Jumapili

Kulikuwa na mama mmoja kijana, mwoga, tena mwoga hasa, wa kuamka usiku kupapasa kama mtoto anapumua. Binti yake wa miaka mitatu alizaliwa hasikii. Wazazi wakahangaika, mtoto akapasuliwa, akawekewa kifaa cha kusikia: kipande kimoja ndani chini ya ngozi, kingine cha nje kinanata kichwani kwa sumaku. Siku kilipowashwa mama akamwita jina. Mtoto akalia! Akakivuta, akakitupa chini.

Mama akakiokota upesi. Kitu kama kile, kikivunjika? Akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka kabatini na vikombe vya wageni. Msimcheke, hata ninyi mnavyo! Kikawa kinatoka Jumapili tu, pamoja na gauni la kanisani.

Miezi mitatu, mtoto hajui hata jina lake. Mama akarudi hospitali.

"Dada, hiki kibovu. Ongeza sauti!"

Mtaalamu akakiunganisha na kompyuta, akatazama, akamgeukia.

"Mama, kizima kabisa. Kinajiandikia saa kinazovaliwa. Saa tatu kwa wiki, Jumapili tu! Kwani mtoto anasikia kwa ratiba ya ibada?"

"Naogopa kitaharibika."

"Kifaa kitatengenezwa. Lakini hakimpi maneno, mama, kinampa mlio tu, kama redio isiyoshika stesheni. Ubongo ndio unaojifunza: mlio huu ni maji, huu ni mama. Unajifunza kwa kurudiarudiwa kutwa, na unajifunza vizuri akiwa bado mdogo. Huo udogo nao utaufungia wapi usipite?"

Wewe ungefanyaje? Yule mama alirudi nyumbani, akamvisha mtoto kifaa Jumatatu. Jumatatu, jamani, na vumbi lote lile! Akawa anaongea peke yake: nafua, natwanga kisamvu, lete sufuria. Mtoto anavua, mama anarudisha, anavua, anarudisha. Wiki na wiki, kimya.

Asubuhi moja kuku akaingia jikoni. Kabla mama hajageuka, akasikia nyuma yake kisauti kikali:

"Toka!"

Neno la kwanza! Si "mama", wala si "haleluya" ya Jumapili. Ni lile ambalo kuku wa nyumba ile waliambiwa mara ishirini kwa siku. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa sisi. Tunamlilia Mungu, Bwana, mbona husemi, paza sauti! Je, amenyamaza? Au tumempa saa tatu, zilizobaki tunaogopa Neno lake lisichafuke sokoni, lisitukute tunawasema mawifi? Ndiyo, mwanzoni utasikia mlio tu, utachoka, utataka kuvua. Hata mimi nataka. Usivue, mwenzangu.

Kesho ni Jumatatu. Moshi, mwiko, mtoto analia, wifi yuko mlangoni. Hapo hapo Mungu atakuwa anasema, na hachoki kurudia.